Kushuka Kilimanjaro: Historia ya Breki, Joto na Chuma

Kutoka geti la Marangu hadi njia panda ya Himo barabara inashuka zaidi ya mita 900 kwa mwendo usiozidi kilomita 25. Lori la tani tano, mzigo ukiwemo, likishuka hapo lina nishati ya megajuli 44 ya kuachana nayo kabla ya kusimama Himo. Joto la kiasi hicho linatosha kuchemsha lita 17 za maji baridi na kuyageuza yote kuwa mvuke. Lingeingia lote kwenye dramu nne za kilo 12 kila moja, lisipate pa kutokea, dramu zingeanza kuyeyuka, maana chuma cha kusubu kinayeyuka karibu na nyuzijoto 1,200. Dramu haziyeyuki kwa sababu injini inameza sehemu ya nishati hiyo na upepo unapeperusha sehemu nyingine. Historia ya kushuka mlima huu kwa magurudumu ni historia ya kutafuta pa kulipeleka joto.

Elimu ya joto na chuma yenyewe ni kongwe mlimani kuliko gurudumu. Wahunzi wa Kichagga, hasa wale wa Mamba, walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha mchanga wenye madini ya chuma. Mhunzi hakuwa na kipimajoto, alisoma rangi. Chuma kikianza kuwa chekundu cha kufifia kiko kwenye nyuzi mia sita hivi, na kikishika wekundu wa kung'aa kimepita mia nane. Kikitumbukizwa majini hapo kinakuwa kigumu, lakini pia kinakuwa chepesi kuvunjika. Jambo hilohilo linamsumbua fundi wa gereji wa leo. Dramu ikishika joto kali sehemu moja kisha ikapoa ghafla, pale hubaki doa gumu, mara nyingi lenye rangi ya bluu. Kiatu cha breki kikipita juu ya doa hilo gari linatetemeka, na dramu ikipelekwa kukerezwa kisu cha mashine kinaruka badala ya kukata. Mhunzi wa Mamba asingehitaji kuelezwa doa hilo limetoka wapi.

Gurudumu lilichelewa kufika. Karne ya 19 yote bidhaa za pwani zilipanda kwa Mangi Rindi wa Old Moshi na kwa watawala wenzake juu ya vichwa vya wapagazi, na pembe zikashuka vivyo hivyo. Breki ya mpagazi ni magoti yake, na anayeujua mlima anajua kwamba magoti huumia wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kikaburu walileta kaskazini mwa nchi magari ya kukokotwa na maksai. Breki yake ilikuwa gogo lililobanwa kwenye gurudumu la nyuma kwa kuzungusha mkono wa skrubu, na kwenye mteremko mkali kipande cha chuma kiliwekwa chini ya gurudumu ili liburuzike badala ya kuzunguka. Mbao huanza kuungua na kuwa mkaa kabla ya kufika nyuzi 300. Kwa hiyo harufu ya moshi wa mti ilikuwa onyo la kwanza la breki ambalo miteremko hii ililijua, miaka mingi kabla ya harufu ya breki za magari.

Reli iliukwepa mlima. Ujenzi kutoka Tanga ulianza mwaka 1893 na garimoshi likafika Moshi mwaka 1911, lakini lilifika tambarare, chini kabisa ya boma la Wajerumani lililokuwa Old Moshi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo mno ukilinganisha na mpira juu ya barabara kavu, na treni iliyobanwa breki kupita kiasi haisimami, inateleza tu. Kwa hiyo mji uliufuata usafiri. Moshi Mpya ikakua kuizunguka stesheni kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu, na Old Moshi ikabaki na jina lake juu ya mgongo wa mlima. Kwa namna fulani, Moshi imekaa pale ilipo kwa sababu ya breki.

Magari ya injini yalifika kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoingia kutoka upande wa Taveta mwaka 1916. Mengi yalikuwa Ford, aina ya T, gari ambalo breki yake ya mguu haikugusa gurudumu hata moja. Pedali ilibana mkanda wa pamba uliozunguka ngoma ndani ya giaboksi. Mkanda ukiungua, hakukuwa na kingine cha kutegemea isipokuwa breki dhaifu ya mkono. Madereva wakajifunza kugawa kazi: wakikanyaga pedali ya breki, kisha ya gia ndogo, kisha ile ya kurudi nyuma, mkanda mmoja ukipumzika wakati mwingine ukiteseka. Jina la Ford halijafutika katika mji huu. Neno vifodi, kama wakazi wa Moshi na Arusha walivyoyaita magari madogo ya abiria, bado linalibeba.

Kilichoyafanya malori kuwa ya lazima ni kahawa. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kilichorithiwa na KNCU mwaka 1933. Kahawa ilikusanywa kwenye vyama vya msingi huko juu, Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, kisha ikashushwa Moshi kwenye kiwanda cha kukoboa. Hapo kuna ukorofi ambao mtu wa tambarare hauoni haraka. Sehemu nyingi lori hupanda na mzigo na kurudi tupu, au hubeba mzigo sawa pande zote mbili. Kilimanjaro, kahawa na ndizi zinazalishwa juu na soko liko chini, basi lori linapanda jepesi na kushuka limeshiba. Injini ilipata nafuu, na breki ikalipa.

Malori ya miaka ya 1920 na 1930 yalikuwa na breki za fimbo na nyaya, na mengi ya mwanzo yalibana magurudumu ya nyuma tu. Lori linaposhuka uzito unahamia mbele, na magurudumu ya nyuma, yenye breki, yanakuwa mepesi na kuteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa. Ndipo kazi ya utingo ilipokuwa na maana yake kamili. Alikaa nyuma juu ya magunia akiwa na kigingi cha mti kilichochongwa upande mmoja, na gari lilipoanza kumshinda dereva aliruka chini, akakimbia sambamba na gurudumu na kukisukuma kigingi mbele yake. Aliyekuwa mzembe wa nusu sekunde alipoteza vidole. Kigingi kile kilikuwa breki ya dharura ya lori zima, na ndicho kifaa pekee cha breki ambacho hakikupata joto.

Kilichowashinda madereva wa zamani, na kinachowashinda wengi hadi leo, ni kwamba breki inaweza kuwa nzima kabisa mwanzo wa mteremko na isiwepo mwishoni, bila kitu chochote kukatika. Lainingi, yaani gamba linalosugua dramu, hushikiliwa na gundi. Gundi hiyo ikipita nyuzi 300 hivi huanza kuoza na kutoa gesi, na gesi inakaa kama utelezi kati ya gamba na chuma. Wakati huohuo dramu inatanuka. Ile ya basi yenye kipenyo cha milimita 400 ikiongezeka nyuzi 300, kipenyo chake kinakua kwa zaidi ya milimita moja na kujisogeza mbali na viatu vinavyoifuata. Dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi, anaongeza joto, na anapata breki kidogo zaidi. Mtaani wanasema gari limefeli breki. Ukweli ni kwamba breki imefanya kazi mno.

Dawa ya kwanza ya kweli ilitoka kwenye vilima vingine. Mwaka 1897, huko Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood alianza kutengeneza vibao vya breki kwa magari ya farasi yaliyokuwa yakishindwa kwenye miteremko ya kwao, akitumia pamba iliyofumwa na kushindiliwa lami na gundi. Pamba ikaungua kama mti. Mwaka 1908 akaijaribu asbesto, jiwe lenye nyuzi zinazofumika kama kitambaa na lisiloungua kwa joto lolote ambalo breki ya barabarani ingelifikia. Kampuni aliyoianzisha, Ferodo, ikaeneza lainingi za asbesto duniani, na kwa zaidi ya nusu karne karibu kila gari lililoshuka Kilimanjaro lilishushwa na nyuzi hizo.

Asbesto iliumba ufundi mzima. Katika gereji za Moshi kiatu cha breki hakikutupwa, kilivishwa upya. Fundi alitoboa ribiti za zamani kwa keekee, akaling'oa gamba lililokwisha, akausugua mgongo wa kiatu hadi chuma kikang'aa. Kisha alilipanga gamba jipya na kupigilia ribiti mpya za shaba kwa nyundo ndogo, akianzia katikati na kwenda pembeni, maana ukianzia pembeni gamba linabaki na uvimbe usiogusa kiatu. Uvimbe huo ni nafasi ya hewa, na hewa haipitishi joto vizuri, basi gamba la juu huungua wakati kiatu chini yake ni cha vuguvugu. Kichwa cha ribiti kilizamishwa ndani ya gamba. Kikichungulia, kitachora dramu mstari kila mzunguko. Mwisho, vumbi lililojaa ndani ya dramu lilipulizwa nje, kwa mdomo au kwa upepo wa kompresa, na fundi akalivuta.

Vumbi hilo liliua watu taratibu, miaka 20 au 40 baadaye. Nyuzi za asbesto hukaa kwenye mapafu na kuleta kovu na saratani, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa. Ulaya iliipiga marufuku kabisa kuanzia mwaka 2005, na viwanda vikubwa vya breki vilikuwa vimeanza kuiacha mapema zaidi. Gereji ya chini ya mti, yenye lainingi za kila asili na kila umri, ndiyo inayochelewa kupata habari za namna hii, na mafundi wengi walizeeka bila kuambiwa.

Dramu nayo ilihudumiwa. Ikichimbika ilipelekwa kwa mkereza, akaipunguza milimita moja au mbili hadi uso ukawa laini. Kazi hiyo ina bei isiyoandikwa kwenye risiti: chuma kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kikihifadhi joto. Dramu iliyokerezwa mara tatu ni nyepesi, inapanda joto haraka kuliko mpya, na kuta zake nyembamba zinatanuka zaidi. Viwandani kila dramu huwekewa kipenyo cha mwisho cha kukerezwa kwa sababu hiyo, ila namba hiyo huwa imeshalika na kutu wakati inapohitajika. Mashine za kukereza zenyewe ziliwahi kutengenezwa palepale mlimani, katika kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa huko Hai kwa msaada wa Bulgaria.

Breki za mafuta zilizidi kuenea kwenye magari ya kawaida katika miaka ya 1930. Zilisawazisha nguvu kwenye magurudumu yote manne bila fimbo wala nyaya za kurekebishwa kila wiki, na zikaleta udhaifu mpya. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro ni wa mvua na ukungu, na gari linaloishi Kibosho linanyonya zaidi kuliko linaloishi Same. Mwinuko pia una mkono wake, kwani kwenye mita 1,800 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko pwani. Kila kioevu kinachemka mapema kidogo, upepo unaopoza dramu ni mwembamba, na ile sevo inayomsaidia dereva kukanyaga kwa kutumia tofauti ya kanieneo inapungukiwa nguvu. Mafuta yakichemka mapovu yanajaa kwenye mabomba, pedali inazama hadi sakafuni, na baada ya nusu saa ya kupoa breki inarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Madereva waliohukumiwa kuwa waongo baada ya ajali, wakisema breki haikuwepo huku mkaguzi akiikuta nzima, huenda baadhi yao walisema kweli.

Mwaka 1953 ulileta mambo mawili yaliyotofautiana kwa siku chache. Mwishoni mwa Mei magari ya kawaida ya barabarani yaliondoka kushindana katika Coronation Safari, mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na matope. Katikati ya Juni, huko Ufaransa, Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa kutumia breki za diski zilizotengenezwa na Dunlop. Diski haikuwa wazo jipya, maana Frederick Lanchester aliipatia hataza Uingereza mwaka 1902. Tatizo lake lilikuwa vifaa: pedi ndogo inayobana diski kwa nguvu kubwa inahitaji gamba linalohimili joto ambalo Lanchester hakuwa nalo. Faida yake ni ya kijiometri. Dramu inapopata moto inakimbia viatu vyake, lakini diski inapopata moto inanenepa na kuzisogelea pedi. Isitoshe, iko wazi kwa upepo pande zote mbili na inajikausha maji yenyewe.

Safari ikawa maabara ya viwanda vya magari, na Afrika Mashariki ikawa mahali ambapo breki zilikufa hadharani. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo PV544 yenye dramu, na Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z yenye diski mbele na dramu nyuma. Kati ya ushindi huo wa mara mbili kuna mabadiliko ya kizazi kizima. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki Kenya peke yake, na Tanzania ikabaki na barabara zile.

Kwenye magari ya kazi diski ilikuja polepole. Land Rover zilizobeba mapadri, madaktari, mabwana shamba na wapanda mlima zilikuwa na dramu pande zote nne hadi zilipotokea zile za 110 mwaka 1983. Toyota Land Cruiser ilikuwa imetangulia kwa miaka michache. Kwa nini dramu ilidumu hivyo? Kwa sehemu ni tope. Dramu imefunikwa, na mchanga wa volkano wa Kilimanjaro ni msasa. Pedi za diski kwenye gari la Rombo zamani, kabla ya lami, ziliweza kwisha kwa muda mfupi ambao kiatu cha dramu kingeuona kuwa mapumziko. Fundi aliyeikataa diski hakuwa mjinga. Lami ilipopanda mlima hesabu ikabadilika: mwendo ukaongezeka, mchanga ukapungua, na joto likawa adui mkubwa kuliko uchafu.

Mabasi na malori makubwa yalichukua njia nyingine, breki za upepo. Hewa iliyoshindiliwa haichemki, na kwenye mfumo wa kisasa springi nzito hubana magurudumu pale upepo unapokwisha, kwa hiyo bomba likipasuka gari linasimama badala ya kukimbia. Hata hivyo joto bado linaingia kwenye dramu ileile. Suluhisho la mteremko mrefu lilibidi litafutwe nje ya gurudumu kabisa, na mwenye kisa kinachoeleweka na dereva yeyote wa Rombo ni Mmarekani Clessie Cummins. Mwaka 1931, akiwa kwenye lori lililojaribiwa kuvuka Marekani, breki zilimwishia kwenye mteremko wa Cajon Pass huko California, na chini treni ya mizigo ilikuwa ikikatiza barabara. Lori lilipita nyuma ya behewa la mwisho kwa nafasi ndogo sana. Miaka mingi baadaye alibuni kifaa kinachofungua vali za injini ya dizeli kwa wakati ambao unaigeuza injini kuwa kompresa inayokula nguvu ya gari. Kiliuzwa kuanzia mwaka 1961. Breki ya egzosi, inayofunga njia ya moshi, ni ndugu yake wa bei nafuu, na ziko pia za mafuta na za sumaku kwenye shafti. Zote zinafanya jambo moja, kulipeleka joto kwenye rejeta au hewani moja kwa moja kabla halijafika kwenye dramu.

Kanuni ya madereva wa zamani ya kushuka kwa gia ileile unayopandia ni mashine hiyohiyo bila kifaa. Inavunjwa zaidi mwezi Desemba. Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, kwenda kuhesabiwa kama wanavyotaniwa, barabara za Machame, Kibosho na Marangu zinajaa magari yaliyozoea tambarare za Dar es Salaam, mengi ya gia otomatiki, dereva akiteremka kwa D huku mguu haubanduki kwenye breki. Jioni mtu anaweza kuona gari limeegeshwa pembeni, magurudumu ya mbele yakitoa moshi, na kijana mwenye ndoo ya maji tayari kusaidia. Maji ndiyo msaada mbaya kuliko wote. Diski ya nyuzi 400 ikimwagiwa maji baridi upande mmoja inapinda au inapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na mhunzi wa Mamba angeulizwa angesema hivyo.

Pedi nyingi za leo hazina asbesto, na ndani yake kuna mchanganyiko unaofanana zaidi na mapishi kuliko metali: nyuzi za chuma au za aramidi, grafiti ya kulainisha, unga wa barite wa kuongeza uzito, gundi ya fenoli ya kushikilia vyote. Kiungo kimoja kina asili ambayo wanunuzi wa Moshi wangeshangaa kuisikia. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na mafuta hayo yakigandishwa na kusagwa hutoa unga unaotumika duniani kote kwenye lainingi na pedi ili kutuliza msuguano joto linapopanda. Tanzania ni kati ya wakulima wakubwa wa korosho, na sehemu kubwa ya zao hilo imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, ganda likiwemo. Pedi inayonunuliwa dukani Moshi huenda ina kitu kilichoota Mtwara.

Breki za hali ya juu kabisa mkoani hazipo barabarani, zipo kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare kati ya Moshi na Arusha. Ndege ya tani 150 inayotua kwa mita 70 kwa sekunde ina nishati zaidi ya mara nane ya lori letu la Marangu, na inatakiwa kuimaliza chini ya dakika moja. Baadhi inachukuliwa na injini zinazogeuza upepo wake uelekee mbele. Iliyobaki inaingia kwenye rundo la diski za kaboni ndani ya kila gurudumu kubwa. Kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni ilijipatia jina kwenye Concorde, na mwaka 1976 timu ya Brabham ikaijaribu kwenye Formula One. Ni nyepesi mara kadhaa kuliko chuma cha kusubu, haiyeyuki, inabaki imara joto likipita nyuzi 1,000, na kadiri inavyopata moto ndivyo kilo moja yake inavyobeba joto zaidi. Adui wake ni oksijeni, maana ikishika moto mkali huliwa taratibu na hewa, kama mkaa unavyoliwa jikoni. Dreamliner ya Air Tanzania, iliyowasili nchini mwaka 2018, inabana diski kama hizo kwa mota za umeme, bila mafuta ya haidroliki ya kuchemka kwenye breki.

Kaboni tupu haifai gari la barabarani kwa sababu ikiwa baridi haishiki vizuri, na dereva wa mjini hawezi kuagizwa apashe breki kabla ya zebra. Porsche ilipouza diski za kaboni na seramiki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaboni ilichanganywa na silikoni kabidi, kitu kigumu karibu na almasi, kinachoshika kikiwa baridi na hakichoki kikiwa cha moto. Bei ya seti moja inanunua vifodi kadhaa, na ndiyo maana diski hizo hazionekani Moshi isipokuwa kwa nadra. Kwenye miteremko, chombo kinachoongezeka kwa kasi ni pikipiki ya bodaboda, yenye ngoma ndogo nyuma, ikishuka Uru na mikungu mitatu ya ndizi na abiria.

Magari ya umeme ya kubebea watalii yalipoanza kuonekana kaskazini, swali la joto lilipata jibu ambalo halikuwepo kabla: mota inayoendesha gari inageuka kuwa jenereta wakati wa kushuka na kurudisha nishati kwenye betri. Megajuli 44 za lori la tani tano ni zaidi ya uniti 12 za umeme, na sehemu nzuri ya hizo inaweza kuokolewa badala ya kupuliziwa hewani. Kuna sharti moja, kwamba betri iwe na nafasi. Gari lililochajiwa usiku kucha Marangu hadi likajaa, asubuhi likianza kushuka halina pa kuweka umeme huo, na kwa kilomita za kwanza, ambazo ndizo zenye mteremko mkali, kazi inarudi kwenye diski za chuma na pedi zake.